Kalibu Haijanywa Chai

Jumatatu, 7 Aprili

Naanza kuandika kwa sababu kila nikisema nachekwa, na daftari angalau halina meno.

Leo asubuhi nimeona ufa kwenye kalibu. Sisemi ile mikwaruzo midogo midogo ambayo kila kalibu ya moto huwa nayo ikishazeeka, inayofanana na kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Hiyo nimeizoea. Huu ni ufa mmoja, umeanzia kona ya chini, pale kulabu inapojipinda, na umeshika njia ya kwenda nje. Nimepitisha ukucha juu yake. Ukucha umekwama.

Kazi yangu katika karakana ya Kamaludin, hapa Mbaraki, ni kupasha kalibu. Kalibu yenyewe ni mapande mawili ya feleji, ule chuma kigumu. La chini limefungwa kwenye meza ya nyundo, la juu limefungwa kwenye nyundo yenyewe, na kila moja limechimbwa nusu ya umbo la kulabu. Chuma kinatoka tanurini kimeiva, kinawekwa katikati, nyundo ya mashine inashuka, na kulabu ya kuinulia mizigo bandarini imepatikana. Anayekiweka chuma ni mume wangu Dishon. Anasimama mbele ya nyundo kutwa nzima, kifua chake sawasawa na kalibu.

Kila asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, naweka vyuma vyekundu juu ya kalibu na kuwasha moto wa gesi ubavuni mpaka feleji ipate joto. Hapa twaita kuinywesha chai. Kalibu ikiwa baridi huvunjika upesi, ikishanywa chai huvumilia. Nachovya vidole kwenye kopo la maji, nadondosha tone. Tone likituama, bado. Likiruka na kucheza, tayari.

Nilimwonyesha Dishon ule ufa. Akasema, "Hata wewe una mikunjo usoni, nimekutupa?"

Jumatano, 9 Aprili

Joto la kufa mtu. Ufa upo.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Baada ya kanisa tulikwenda ufukweni Mama Ngina, Dishon, mimi na binti yetu Emmah. Tulikula viazi vya karai, Emmah akamwagia ukwaju mpaka vikaogelea. Watu tele, upepo mzuri. Gari moja likapiga mlipuko nyuma na mimi nikajikuta nimemkamata Dishon shati kwa mikono yote miwili.

"Ni ekzosi," akasema. Halafu akanitazama vizuri. "Bado ni ule ufa?"

Nikamwambia ni mjomba wangu Odera. Alifanya kazi kwenye karakana ambayo siku hizi haipo tena, na kalibu ilipasuka mbele yake. Kipande kama kidole gumba. Nilikuwa na umri wa Emmah wa sasa. Walimleta nyumbani kichwa kimefungwa khanga ya mama, na alipofunguliwa, jicho la kushoto halikuwepo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na mara zote alikaa ameupa ukuta mgongo. Hilo ndilo ninaloliogopa. Naogopa mume wangu aje akae hivyo, au asije akakaa kabisa.

Dishon alinishika mkono. Akasema Mungu yupo. Najua yupo. Na mjomba Odera alikuwa mzee wa kanisa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imeanza. Bati linavuja karibu na nyundo. Nimetundika mkebe ili matone yasiiangukie kalibu ikiwa moto.

Nimekwenda kwa Kamaludin. Kila asubuhi mzee huyu husimama mlangoni na tasbihi yake mpaka nyundo ipige mara ya kwanza, ndipo aingie ofisini. Watu wanasema anahesabu wachelewaji, na mimi naamini.

"Mzee, shikamoo. Kalibu ina ufa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuona. Hini feleji yastahamili moto kuliko mimi na wewe. Ndiyo kazi iliyoumbiwa."

"Ufa unatembea, mzee."

"Mpya yaja. Pande zima la feleji liko bandarini, mato yangu yaliona karatasi zake. Tusubiri watuachilie."

Kutoka mlangoni kwetu unaziona kreni za bandari. Feleji iko pale, nikirusha jiwe naweza kuipata, na bado haiko.

Mung'aro, fundi wetu wa kuchonga kalibu, alinieleza nilipomsumbua sana. Chuma cha kawaida, akasema, ukikilaza chini ya chuma chekundu hulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Feleji ya kalibu hailegei. Lakini huchoka. Inapashwa, inapoa, inapashwa, inapoa, na kila mara inapumua kidogo. Nikamuuliza itachoka kabisa lini.

"Hilo hakuna ajuaye, mama."

Nikamuuliza kwa nini asikwangue ule uso wote mpaka nyufa ziishe, achonge upya ndani zaidi. Akasema yawezekana, ila nyundo isimame wiki nzima, na oda za bandari hazingoji wiki. Kwa hiyo twaendelea, na Dishon asimame palepale.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Ufa umeongezeka upana wa punje ya mchele.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Punje nyingine, au macho yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nyundo kimya. Nimelala mchana mpaka majirani hapa Bondeni wakagonga kuuliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianzie wapi. Nimejiaibisha.

Walikuja wageni wa bandarini kutazama kulabu zao zinavyotengenezwa. Kamaludin amevaa kofia mpya. Binti yake Khairiya, ambaye sasa ndiye anayetafuta wateja, anapiga picha kwa simu. Dishon anafanya kazi kwa madaha, koleo linazunguka mkononi kama kijiko.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kopo langu la maji. Kabla ya wageni kuingia nilijaribu ule ufa kwa chelewa ya ufagio, na ncha ya chelewa ikaingia. Hapo nyuma ulikuwa haupokei hata uzi. Kila nyundo ilipoinuka mimi nilibana pumzi, ikishuka naiachia.

Ghafla, pa! Sauti kavu, si ya nyundo. Sikufikiri. Nilipiga yowe, "Toka, Dishon!" nikamrukia, nikamvuta aproni kwa nyuma. Chuma chekundu kikaponyoka kwenye koleo, kikabingirika sakafuni, wageni wakaruka kama kuku. Mmoja akapoteza kiatu.

Ilikuwa boliti ya kinga ya mkanda wa mashine. Boliti tu, imekatika.

Wageni walicheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu walioogopa, lakini wetu walicheka kweli. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimeshapewa jina: King'ora. "King'ora, chumvi iko wapi?" "King'ora, mvua yaja?" Khairiya alinipita bila kunitazama.

Dishon alitembea mbele yangu njia nzima. Nyumbani, alipovua shati, lile lenye vitundu vya cheche kama chujio, akaliweka chini taratibu.

"Truphosa, nimefanya kazi na wale watu tangu Emmah hajazaliwa. Leo wameniona navutwa kama mtoto."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Siku nyingine ukinishika mbele ya watu, ujitafutie mume mwingine wa kumshika."

Emmah alikuwa mlangoni. Sijui amesikia kiasi gani.

Nimeapa sitasema tena. Nitapasha kalibu, nitadondosha tone, basi. Ila kuogopa siwezi kuacha. Nimejaribu na nimeshindwa.

Jumatano, 14 Mei

Feleji imetoka bandarini! Imekuja kwenye lori imefunikwa turubai. Mung'aro aliigonga kwa nyundo ndogo, ikalia vizuri, akatabasamu mpaka magego. Ataichonga, kisha itakwenda kupikwa ili ikomae, kisha irudi. Mpaka hapo twatumia ile ile.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Chelewa inaingia zaidi ya ncha. Sikusema.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua kubwa. Makadara kumejaa maji mpaka viatu vinaelea. Chelewa inaingia. Sikusema.

Dishon yuwaimba akifanya kazi, siku hizi kwa sauti zaidi kuliko zamani. Naona anaimba ili mimi nisikie. Ananiambia bado yupo mzima, au ananikejeli. Sijamuuliza kwa sababu tunazungumza habari za unga na karo tu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeota nyundo inashuka na haifiki chini.

Jumatatu, 9 Juni

Tumerudi baada ya Idi. Kamaludin alitugawia nyama, Waislamu na Wakristo, kila mtu fungu lake. Asubuhi alisimama mlangoni na tasbihi kama kawaida. Nilikuwa namwona mkali. Leo nimeona midomo yake inakwenda mbio, na pigo la kwanza lilipopita akaegemea mwimo wa mlango. Labda ni magoti.

Jumanne, 17 Juni

Kalibu mpya imerudi. Sijapata kuona feleji nzuri hivyo. Nimejiona usoni mwake. Nilipitisha ukucha kila kona na ukucha haukukwama popote. Nililia kidogo nyuma ya tanuri, nikajifanya ni moshi.

Ya zamani imefunguliwa na kulazwa ukutani kwa Mung'aro. Imekwisha. Haikumdhuru mtu.

Khairiya anataka Alhamisi pawe na uzinduzi, watu wa bandari waje tena, safari hii waone kitu cha heshima. Pasomwe dua. Wakristo wetu wakasema na wao wana mchungaji. Kamaludin akasema haki ni haki, mchungaji naye aje.

Usiku nimelala mpaka alfajiri. Nilikuwa nimesahau usingizi ni mtamu namna ile.

Alhamisi, 19 Juni

Ni usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Nilifika mapema nikainywesha kalibu chai ya kwanza ya maisha yake. Vyuma vyekundu juu, gesi ubavuni. Nikadondosha tone, likaruka na kucheza mpaka likatoweka. Nilifurahi kama mama aliyemlisha mtoto akashiba.

Khairiya akaja na binamu zake, amependeza. Wakafunga uzi wa asumini kwenye nguzo ya nyundo. Akaniambia, kwa adabu lakini haraka, niviondoe vile vyuma, vinachafua, picha zitakuwa mbaya. Nikaviondoa. Akasema nizime na gesi, inanguruma, dua haitasikika. Nikazima. Nilijua chai ikishanywewa hukaa tumboni muda, na dua si ndefu.

Dua haikuwa ndefu. Lakini baada yake mchungaji hakukubali kuwa mfupi. Akaombea karakana, akaombea bandari, akaombea na kaunti. Kisha hotuba ya Khairiya. Kisha hotuba ya mgeni. Kisha mrashi wa marashi ukazungushwa, wageni wakanyunyiziwa mikononi, na kalibu nayo ikanyunyiziwa. Kisha haluwa na kahawa. Nje mvua imeanza tena na mlango mkubwa uko wazi kwa ajili ya wageni, upepo wa kusi unaingia moja kwa moja mpaka kwenye nyundo. Nilisimama na kopo langu. Nilikuwa nimeona yale matone ya marashi yalivyoanguka juu ya kalibu. Hayakuruka. Yalikaa palepale, mviringo, yanang'aa.

Nikatazama huku na huku. Nani mwingine ameona? Hakuna. Mung'aro alikuwa nyuma kabisa na kikombe chake. Dishon alikuwa ameshavaa aproni mpya, ameshasimama mahali pake, koleo limeingia tanurini, linatoka na chuma cheupe kwa moto. Simu zote zimeinuliwa. Nikasema, "Imepoa." Sauti haikutoka. Nikasema tena, "Haijanywa chai." Aliyesimama kando yangu akacheka, "King'ora!" na wawili watatu wakaitikia.

Khairiya akageuka. "Da Truphosa, tafadhali. Si leo."

Dishon alinitazama. Jicho lake lilisema alichosema mwezi wa tano. Nilijua nikimvuta, nimempoteza. Nisipomvuta, huenda nimempoteza vile vile. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilihisi ladha ya sarafu mdomoni.

Kwa hiyo sikumvuta. Nilipita mbele yake, nikaingiza mkono chini ya nyundo, nikaweka kiganja changu juu ya kalibu. Kiganja kizima, kitupu. Nikakiacha pale.

Nyundo ilikuwa juu ya mkono wangu. Ile ile niliyoiota. Niliweza kuona grisi kwenye reli zake. Mguu wa Dishon ulikuwa juu ya kanyagio.

Feleji ilikuwa vuguvugu kama ubavu wa kikombe cha mtu aliyesahau kunywa. Kalibu iliyonywa chai ingenibandua ngozi. Dishon alitazama mkono wangu, akautazama, akaelewa. Aliondoa mguu kwenye kanyagio kwa uangalifu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Akakirudisha chuma tanurini. Akanishika kifundo cha mkono, mbele ya wote, akanitoa.

"Haipigwi," akasema. "Imepoa. Tungoje."

Mgeni akatazama saa. Khairiya machozi yalimlenga. Kamaludin akainuka kitini na kanzu yake nyeupe, amesawijika.

"Wageni wangoje mpaka lini? Pigo moja tu, la baraka. Nitapiga mwenyewe. Leteni chuma."

"Mzee, usipige," Dishon akasema.

Hakusikia. Alichukua koleo, akaleta chuma, akakilaza kwenye kalibu. Kanyagio la nyundo yetu limezunguka mbele na ubavuni. Kamaludin alikwenda ubavuni, ili cheche zisiichome kanzu. Akasema, "Bismillahi," akakanyaga.

Sikusikia mlio. Niliona asumini zikiruka hewani. Kisha nikaona nyundo imekaa chini imepinda, pande la chini la kalibu mpya limepasuka katikati kama tofali, na kona moja haipo. Kamaludin ameketi sakafuni, mkono wa kanzu umekuwa mwekundu. Khairiya anapiga kelele, "Baba! Baba!" Dishon na Mung'aro wakamfunga mkono kwa kilemba cha mtu, wakambeba hospitali. Yu hai. Mfupa umeonekana lakini yu hai.

Walipoondoka nilikwenda kusimama mahali pa Dishon. Nyuma yake kuna ukuta wa mabati. Kwenye bati kuna tundu, ukubwa wa ngumi, kingo zimetokeza nje. Nilisimama sawasawa na alama za viatu vyake, nikanyoosha mkono nyuma, nikalitafuta. Mimi ni mfupi kwake. Kwangu lilikuwa usawa wa shingo. Kwake ni kifuani.

Jumamosi, 21 Juni

Dishon hajaimba tangu juzi. Jana alikaa chumbani ameupa ukuta mgongo. Nilipoona hivyo nilimwomba abadilishe kiti, akabadilisha bila kuuliza.

Leo tumekwenda kumwona Kamaludin nyumbani kwake. Khairiya alitufungulia, akanikumbatia mlangoni. Mzee amelala, mkono juu ya mto.

"Ndoo karibu, Truphosa. Nataka nikwambie, na mumeo asikie. Mimi ule ufa uliniogopesha tangu siku ya kwanza. Wajua kwa nini nikisimama mlangoni kila asubuhi? Nikingoja pigo la kwanza lipite salama."

"Watu walisema wahesabu wachelewaji, mzee."

Alicheka kisha akaumia. "Wacha waseme. Mwenye karakana akionekana aogopa, nani atasimama mbele ya nyundo? Basi Alhamisi nilichoka. Nilitaka hofu ikome siku ile ile, mbele za watu. Ndiyo nikakanyaga."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyatayarisha tangu Bondeni. Sikuyapata tena. Nilimwona mzee aliyekaa na hofu ile ile niliyokaa nayo, kila asubuhi, hatua chache kutoka kwangu, na wala hatukuambiana.

Dishon akasema, "Ile ya zamani, mzee. Mung'aro aikwangue mpaka ufa uishe, achonge upya. Nyundo isimame wiki, isimame mwezi. La sivyo mimi sirudi."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua imepungua. Mung'aro bado anakwangua. Juzi ufa ulikuwa bado unaonekana. Leo nimepitisha ukucha, umeteleza.

Jumatatu, 7 Julai

Tumeanza tena leo.

Kalibu ya zamani, sasa imekuwa nyembamba, imerudi mezani. Fundi wa mabati alikuja kuziba tundu, Dishon akamwambia aliache. Jua la asubuhi lilipita pale likamwangukia mgongoni, juu ya shati lake la vitundu, na sikuweza kuangalia pengine.

Niliweka vyuma vyekundu. Niliwasha gesi. Hakuna aliyeniita King'ora. Kamaludin alikuwa mlangoni, mkono umefungwa shingoni, tasbihi katika mkono wa kushoto ambao haujaizoea. Safari hii aliingia ndani, akaja kusimama karibu nami, na akauliza kwa sauti ndogo, "Imekunywa?"

Nilichovya vidole. Dishon hakutazama kalibu, alinitazama mimi. Nikadondosha tone. Likaruka, likacheza, likaisha. Zamani hapo ningesema tayari.

Nikasema, "Bado."

Wakangoja wote.